Peke yako na kilo 270: Tanga hadi Moshi

Pikipiki yangu ni Yamaha Drag Star 1100. Ikiwa na mafuta inapita kidogo kilo 270. Mimi nina kilo 62. Yote nitakayokueleza yanatoka kwenye hesabu hiyo. Mkiwa kundi, ikilala mnaiinua na safari inaendelea. Ukiwa peke yako huko mbele ya Mombo, itainuka kwa mgongo wako.

Kwa hiyo jifunze kuinua kabla hujapanga njia. Mimi nilijifunzia uwanja wa Tangamano, alfajiri, na godoro kuukuu la kuilazia. Zima switchi. Ingiza gia ya kwanza isiserereke. Ikiwa imelalia kulia, toa stendi kwanza, maana ndiyo itakayoipokea ikikupita upande wa pili. Kata usukani hadi mwisho, mpini wa chini usogee karibu na tangi. Ipe mgongo, makalio yakae kwenye ukingo wa siti, mkono mmoja mpinini, mwingine ushike chuma imara cha nyuma. Nyoosha mgongo, sukuma kwa miguu, rudi nyuma hatua fupi fupi. Ukiinama na kuvuta kwa mikono utaumia kiuno na chuma hakitasogea.

Yangu iliwahi kulala Segera, kwenye sheli. Nilikuwa nakata kona kuingia, mtu akapita mbele, nikabana breki ya mbele usukani ukiwa umepinda. Pikipiki nzito haisamehe jambo hilo. Kwa mwendo wa mtu anayetembea tumia breki ya nyuma, klachi nusu, na macho uyapeleke unakotaka kwenda, si chini. Panga vifuu vya nazi uwanjani uzunguke kati yake hadi uchoke. Wiki mbili za vifuu ni bora kuliko vifaa vyote utakavyonunua.

Sasa kuegesha, ambako wengi hawakufikirii. Pikipiki hii haina gia ya kurudi nyuma. Ukiingiza pua kwenye mteremko, umejifunga mwenyewe. Kabla hujasimama jiulize utatokaje. Mahali pakiwa pabaya, pita tu, hata kama kiu imekubana. Kwenye mchanga, au lami iliyolainika kwa jua la mchana, stendi inazama. Mimi nina kifuniko cha kopo la rangi nimekitoboa na kukifunga kamba: nakiangusha chini ya stendi, nikiondoka nakivuta nikiwa nimeshakaa.

Mzigo uwe mdogo na ukae chini. Spana, tyubu na maji viweke kwenye mabegi ya pembeni, uzito ulingane pande zote. Nyuma ya mgongo weka nguo na koti la mvua tu. Tyubu nasisitiza kwa sababu rimu zangu ni za spoku, hivyo matairi yake hutumia tyubu, na fundi wa bodaboda hana saizi yake.

Tanga hadi Moshi ni kama kilometa 350. Tangi langu ni la lita 17, nami hupata kilometa 17 au 18 kwa lita, lakini najaza likifika nusu. Ondoka saa 12 asubuhi: injini hii hupozwa na upepo tu, na foleni ya mchana huichemsha. Muheza nunua machungwa. Vijijini shuka hadi 50, kwa ajili ya watoto kwanza, halafu matuta. Basi likija likiovateki upande wako, mpishe mapema. Haki yako haitakusaidia.

Ukikaribia Same, bonde linafunguka na upepo hupiga ubavuni. Usikaze mikono. Legeza viwiko, bana tangi kwa magoti, uiache pikipiki iegemee kidogo. Ukilipita semi upepo hukatika kisha hurudi ghafla, basi uwe umejiandaa.

Dada yangu wa Chumbageni anapata ujumbe nikifika Segera, Mombo, Same na Himo. Tumekubaliana: saa mbili zikipita bila neno, anapiga, nisipopokea, anaanza kuwatafuta watu wa kituo kilichotangulia. Gizani siendi kabisa, kwa sababu ya ng'ombe na malori yasiyo na taa.

Moshi naifika mchana. Naigeuza pua ielekee getini kabla sijavua helmeti, ndipo namwandikia dada ujumbe wa mwisho.