Badji anajikuna usiku? Funika tundu kwa kitambaa cheupe

Kama wafuga badji (yule kasuku mdogo wa tunduni), joto hili la Mombasa utitiri walipenda. Usiku funika tundu kwa kitambaa cheupe, kisha kabla ya alfajiri kikague kwa tochi. Ukiona vidoa vyekundu vinatembea, huo ni utitiri mwekundu: hunyonya damu gizani, mchana hujificha kwenye nyufa. Tundu limwagie maji yanayochemka (ndege mtoe kwanza, jamani!), lianike juani, na vijiti vya mbao utupe uweke vipya.

Ukoko wa kijivu wenye vishimo kama sega la nyuki, mdomoni, puani au miguuni, ni utitiri mwingine, huo huchimba ngozi. Usiubandue, utamtoa damu. Dawa yake ni ivamektini, tone kwenye ngozi ya kisogo, na hurudiwa baada ya wiki 2 hivi. Lakini badji ana gramu 30 hadi 40 tu. Ile ya kudunga mbuzi yaweza kumuua. Kipimo akupe daktari wa mifugo, na watibiwe wote wa tundu hilo, hata wasiojikuna. Mafuta ya taa na dawa ya mbu, hata usijaribu.