Kupiga Picha Milimani Mbeya: Anza kwa Kukaa Chini

Mwaka niliomzika mama, nyumba ilinishinda siku za Jumapili. Nilikuwa natoka alfajiri na simu mfukoni, napanda mteremko wa Loleza mpaka pale mji wa Mbeya unapoonekana wote chini, nakaa. Picha zilikuja baadaye. Siku hizi nafundisha wengine kupiga picha milimani, na naanza nao palepale nilipoanzia mimi. Kamera ya bei si lazima, simu yako inatosha kwa haya yote.

Hatua ya 1: Chagua mlima kwa msimu

Ukitaka maua, nenda Kitulo, ile inayoitwa Bustani ya Mungu. Uwanda wake uko takriban mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, na umekuwa hifadhi ya taifa tangu 2005. Kuna aina zipatazo 350 za mimea, na kati ya hizo 45 ni okidi. Maua huchanua mvua zikishakolea, Desemba hadi Aprili. Ubaya ni kwamba miezi hiyohiyo barabara ya kupandia kutoka Isyonje inateleza vibaya, kwa hiyo usipange kurudi usiku. Juni hadi Agosti maua ni machache, lakini kuna baridi kali, anga safi, na asubuhi nyingine nyasi zimefunikwa jalidi. Mimi naipenda zaidi miezi hiyo.

Rungwe, wenye karibu mita 2,960, usiupande bila mwongozaji. Ukungu ukishuka, njia inapotea ukiiangalia.

Hatua ya 2: Andaa mzigo mdogo

Jaketi, maji, kitambaa laini cha kufutia lenzi, mfuko wa plastiki na pawabenki. Baridi hupunguza nguvu ya betri haraka, hivyo simu ikae mfuko wa ndani, karibu na mwili, mpaka utakapoihitaji.

Hatua ya 3: Kaa dakika kumi bila kuigusa simu

Hapa ndipo wengi wananiuliza kama tumepoteza muda. Hapana. Tafuta jiwe, kaa, acha pumzi irudi baada ya kupanda. Sikiliza kwanza. Upepo unatokea wapi? Ndege yupi anaita karibu, yupi mbali? Kisha tazama kitu kimoja tu mpaka ukione vizuri. Siku moja Kitulo nilitazama jani moja la nyasi kwa muda huo wote. Lilikuwa na matone saba ya umande, makubwa chini, madogo juu, na jua lilipopenya ukungu kila tone likashika kijijua chake. Upepo ukaja, matone mawili yakaungana, likadondoka moja zito. Sikulipiga picha. Lakini moyo uliokuwa unanienda mbio tangu wiki hiyo ianze ulikuwa umetulia, na picha zote nilizopiga asubuhi ile zilikuwa na utulivu huo.

Hatua ya 4: Rekebisha mwanga mwenyewe

Kamera ikiona weupe mwingi hudhani mwanga umezidi, ikaupunguza. Ndiyo maana ukungu wako unatoka wa kijivu, umefifia. Gusa skrini pale unapotaka paonekane, kisha sogeza alama ya jua juu kidogo mpaka weupe urudi. Jua linapochomoza fanya kinyume: gusa sehemu yenye mwanga, shusha, ili rangi za anga zisiungue.

Washa pia mistari ya gridi. Upeo wa milima uweke kwenye mstari wa juu au wa chini, usiukate katikati. Na kwenye mandhari pana weka kitu karibu, jiwe au ua au mtu aliyesimama, maana bila hicho bonde lote linaonekana dogo.

Hatua ya 5: Piga magoti

Ua usilipige ukiwa umesimama. Shuka mpaka lenzi iwe sawa nalo, jua liwe nyuma yake au ubavuni, uone mishipa ya petali. Upepo ukivuma, subiri. Hutulia kidogo, kisha huanza tena. Angalia unapoweka goti. Viazi vya okidi vilichimbwa kwa wingi nyanda hizi na kuuzwa Zambia, ambako hupikwa chakula kiitwacho chikanda. Usichume ua, wala usilale juu ya mengine ili upate picha ya moja.

Ukikutana na watu shambani, salimia kwanza, omba ruhusa, na ukikubaliwa waonyeshe picha papo hapo. Upande wa Tukuyu, "ndaga" yako ya shukrani itapokelewa kwa furaha.

Hatua ya 6: Shuka, uchague

Kabla ya kuingia kwenye chumba chenye joto, funga simu ndani ya ule mfuko wa plastiki, uiache humo nusu saa. Unyevu utaganda nje ya mfuko badala ya kwenye lenzi.

Jioni chagua picha tatu. Tatu tu. Kwa kila moja andika daftarini tarehe, saa, hali ya hewa, na ulikuwa unajisikiaje. Mwezi unaofuata rudi palepale, ukae tena. Jiwe langu la Loleza nina picha zake za miezi kumi na moja. Umebaki Juni, na jaketi nimeshalitundika mlangoni.