Korongo likijaa: ninavyovuka, na ninavyosubiri, msimu wa zabibu

Nabeba zabibu kwa pikapu kutoka mashamba ya Mpunguzi na Hombolo kuingia Dodoma mjini. Mavuno ya Februari na Machi huangukia katikati ya mvua, na zabibu zikishachumwa hazina subira. Ndipo dereva anaposhawishika kubishana na korongo, yaani mkondo wa mchanga unaojaa maji mvua ikipiga. Mimi nilibishana nalo mwaka mmoja, likanishinda.

Makorongo yetu yana tabia yake. Mvua ya mwaka mzima huku ni kama milimita 500 hadi 600, na karibu yote hushuka kati ya Desemba na Aprili, tena kwa kishindo. Ardhi ni ngumu na vilima ni miamba, kwa hiyo maji mengi hayanywewi, yanakimbia. Unaweza kufika jua linawaka na mchanga ni mkavu, kumbe mvua imepiga mbali huko juu. Ukiona maji yameanza kuleta majani na vijiti, yamegeuka tope ghafla, au ukisikia mngurumo upande wa juu, ondoka, hata kama ulishaanza kuteremka.

Uzuri wake ni kwamba hupungua upesi. Mara nyingi saa mbili tatu zinatosha. Egesha mahali pa juu, zima gari, kisha chomeka kijiti pale maji yanapoishia. Kijiti kikizama, maji yanapanda. Kikibaki pakavu, yanashuka. Kreti za zabibu zifunike, zisogeze kivulini. Hasara ya kreti mbili naijua, na inalipika.

Usitegemee kwamba jana ulipita palepale. Mzee mmoja wa Mpunguzi alinikuta nikijiandaa kushuka akaniambia, “Mjukuu wangu, hapa pa leo si pa jana, mchanga umehama.” Maji yalipokauka nikaliona shimo la kumeza tairi zima, mahali ambapo siku moja kabla nilipita bila wasiwasi. Waulize wenyeji kila mara, na msalimie mtu kwanza kabla hujamuuliza njia.

Kuhusu kina, maji yaliyotulia naingia yakiwa hayajafika nusu ya tairi. Maji yanayokwenda ni habari nyingine. Sentimita 30 tu zinaweza kuliinua na kulisukuma gari dogo, na 60 hubeba hata pikapu, kwa sababu gari likianza kuelea tairi hazishiki tena chini. Mimi yakishavuka kifundo cha mguu na yanakimbia, nasubiri. Usiku siingii kabisa, hata kwenye drifti, kile kivuko cha zege, yenye nguzo za kuonyesha njia.

Ukiamua kuvuka, shusha vioo, fungua loki za milango, zima AC ili feni isirushe maji kwenye injini. Gia namba moja. Kwa gari la otomatiki weka L. Kanyaga mafuta kidogo, kwa kiwango kilekile, usibadili gia katikati. Mwendo uwe wa mtu anayetembea. Ukikimbia, unajitengenezea wimbi mbele ya bampa, na wimbi hilo ndilo linalopanda hadi injini inapovutia hewa. Mwache wa mbele atoke kabisa ndipo uingie, maana akikwama na wewe umekwama.

Gari likizima majini, usiwashe tena. Hapo ndipo nilipoumia. Nilipiga starta mara moja, ikagoma kwa mlio wa chuma, na fundi alipofungua alikuta mkono wa pistoni umepinda. Hewa ndani ya silinda hubanika, maji hayabaniki. Toka ungali unaweza kusimama, panda ukingo, piga 114 kwa Zimamoto na Uokoaji, gari livutwe baadaye.

Mjini shida ni nyingine. Nkuhungu na mitaa mingine ya bondeni, maji yakisimama barabarani, wimbi la gari lako linaingia sebuleni kwa watu. Nimeona mama anakinga mlango kwa kiroba cha mchanga huku Fuso inapita kasi na kumrudishia maji yote aliyoyatoa. Punguza mwendo mpaka nyuma yako pasiwe na wimbi. Bodaboda na mwanafunzi anayetembea pembeni uwasubiri wapite kwanza, kwani mguu wao hauoni mtaro ulio chini ya maji. Na kama gari lako ni refu, kumbuka kuna wa gari dogo nyuma anayekutazama kama kipimo.

Ukishatoka, kanyaga breki taratibu mara kadhaa huku unakwenda pole mpaka zikauke na kushika. Ukifika, chomoa kijiti cha oili. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, usiliwashe hadi fundi aione. Lakini kabla hujaondoka ng'ambo, simama umweleze anayetaka kuvuka maji yamefika wapi kwenye tairi lako, na umwonyeshe tairi lenyewe, maana la pikapu si la bajaji.