Kuimudu Anna Salai, Chennai, ukiwa na mgonjwa

Wagonjwa wengi wa Afrika Mashariki wanaopelekwa Chennai, India, hufikia maeneo ya Greams Road, ilipo hospitali ya Apollo. Greams Road inatokea Anna Salai, na msindikizaji asiyeijua barabara hii atapoteza pesa na muda kila siku.

Anna Salai ina urefu wa kilomita 15 hivi, toka upande wa Fort St. George hadi Kathipara kule Guindy. Kumwambia dereva "Anna Salai" tu hakumsaidii kitu. Taja alama: Spencer Plaza, jengo la LIC, msikiti wa Thousand Lights, au flaiova ya Gemini. Hiyo flaiova ya mwaka 1973 kwenye ramani imeandikwa Anna, lakini mitaani ni Gemini. Ukisikia Mount Road, ni barabara hii hii.

Kwa safari ndefu panda metro. Laini ya Buluu inatoka uwanja wa ndege na inapita chini ya sehemu kubwa ya Anna Salai, kwa hiyo foleni ya juu haikuhusu. Ukitoka uwanja wa ndege, Thousand Lights ni kituo cha kumi. Ukitoka stesheni ya Central ni cha tatu. Shuka hapo, kisha chukua bajaji hadi hospitali. Makosa hutokea Alandur, ambako Laini ya Kijani inakutana na ya Buluu. Ya Kijani inazungukia Koyambedu na haigusi Anna Salai kabisa, kwa hiyo soma ubao wa treni kabla ya kupanda. Ukitokea uwanja wa ndege, unaoutaka ni wa kwenda Wimco Nagar. Mgonjwa asiyeweza ngazi mtafutie lifti. Kama geti ulilofika halina, muulize mlinzi, usimpandishe kwa nguvu.

Kwa bajaji, jambo la kwanza kulijua ni upande. Barabara ina ukingo katikati na sehemu za kugeuza ni chache. Kama unakokwenda ni ng'ambo, dereva ataendelea mbele sana ndipo ageuze, na hapo hajakuibia. Wakati mwingine ni nafuu kuvuka kwanza kwa njia ya chini ya waenda kwa miguu, halafu ukasimamisha bajaji upande wa pili. Patana bei kabla ya kukaa, au tumia Ola au Uber ili uone bei mapema.

Magari yanapita kushoto kama Dar na Nairobi, lakini usiiamini sana hiyo: pikipiki hutembea kinyume kandokando ya barabara. Tazama pande zote.

Kati ya Teynampet na Saidapet ujenzi wa barabara ya juu ulianza 2024 na ukabana njia. Kama una miadi ya asubuhi na unapita huko, metro tu. Oktoba hadi Desemba ni msimu wa mvua kubwa, na njia za chini za magari hujaa maji zikafungwa. Siku hiyo toka saa nzima kabla ya kawaida yako.