Kuchagua Sintesaiza ya Kwanza kwa Bendi ya Jukwaani

Bendi ya hapa Mtwara inayotaka kununua sintesaiza yake ya kwanza, yaani kinanda cha umeme cha kuundia sauti, ianze kwa kuandika orodha ya nyimbo zake kabla haijaulizia bei ya kinanda chochote. Chukueni nyimbo kumi na tano mnazopiga mara kwa mara, na mbele ya kila wimbo mwandike sauti ambazo mpiga kinanda anatakiwa kuzitoa: piano, ogani, nyuzi, tarumbeta. Mara nyingi mtakuta kwamba sauti zote mnazozihitaji hazizidi nane, na hizo ndizo za kusikiliza dukani kwa makini, hata kama muuzaji anawasifia mamia ya nyingine.

Msichanganye sintesaiza na kinanda chenye midundo, kwa kuwa dukani hufanana sana. Kinanda chenye midundo kina spika zake, nacho hutoa ngoma na besi kwa kubonyezwa mkono wa kushoto, kwa hiyo kinamfaa mwimbaji wa peke yake. Sintesaiza kwa kawaida haina spika, lakini humwezesha mpigaji kuichonga sauti yenyewe: kuipunguza ukali, kuifanya ianze taratibu, au kuikatisha ghafla. Bendi iliyo na mpiga ngoma na mpiga besi haina sababu ya kulipia midundo ya mashine.

Jambo ninalolipa uzito kuliko yote ni wepesi wa kubadilisha sauti. Bendi yetu ilipoanza, tulikuwa na kinanda ambacho kila sauti ilitafutwa kwa namba ya tarakimu tatu. Katika harusi moja Mikindani, bibi harusi akiwa amekwishafika mlangoni, mpigaji wetu aliinamia kioo kidogo cha kinanda, akakikinga jua kwa kiganja cha kushoto huku akibonyeza namba kwa kidole cha kulia, na badala ya tarumbeta ikatoka filimbi. Aliporudia, sauti ya kwanza ilikatika kabla ya ya pili kuingia, na maharusi wakatembea hatua kadhaa wakisindikizwa na ngoma peke yake. Tangu hapo najaribu kila kinanda namna hii: nashikilia noti nne kwa pamoja, na vidole vikiwa bado chini nabadilisha sauti. Ile ya zamani inapaswa kuendelea hadi nitakapoachia vibonyezo. Tena pawe na mahali pa kuzipanga sauti kwa mfuatano wa nyimbo, ili kitufe kimoja kitoshe kukupeleka kwenye wimbo unaofuata.

Angalieni pia ni noti ngapi zinaweza kulia kwa wakati mmoja. Minimoog ya mwaka 1970 ilitoa noti moja tu, na Roland Juno-106 ya mwaka 1984 ilitoa sita. Sintesaiza nyingi za siku hizi hufika 64 au 128. Idadi hiyo huonekana kubwa mno, lakini ukiunganisha piano na nyuzi kisha ukakanyaga pedali ya kuendeleza noti, kila noti unayobonyeza hutumia nafasi mbili au zaidi.

Vibonyezo 61 vinatosha bendi nyingi, na kinanda cha namna hiyo huwa na kilo nne hadi sita, kwa hiyo kinabebeka katika basi la Masasi au Newala. Chenye vibonyezo 88 vizito kama vya piano aghalabu huzidi kilo kumi. Wanaopiga taarabu wahakikishe kwamba kinanda kinaruhusu noti mojamoja kushushwa kwa senti 50, yaani nusu ya hatua kati ya vibonyezo viwili vinavyofuatana.

Suala la umeme lisiachwe hadi siku ya onyesho. Vinanda vilivyotumika vinavyotoka Japani hutegemea umeme wa volti 100, na vya Marekani volti 120, ilhali soketi zetu ni za volti 230; someni kibandiko cha nyuma au cha adapta kabla ya kuchomeka. Zimeni kinanda, mkiwashe, kisha mhesabu sekunde hadi kitoe sauti, kwa sababu ndizo mtakazokaa kimya umeme ukikatika na jenereta ikachukua nafasi. Roland JUNO-DS61 hutumia pia betri ndogo nane za AA, na Korg Kross 2 hutumia sita, nami naiona hiyo kuwa sifa kubwa kwa bendi inayopiga uwanjani.

Kinanda kilichotumika mkichunguze kwa tochi ndani ya matundu ya waya, maana hewa ya chumvi ya pwani huacha kutu ya kijani ambayo baadaye hufanya sauti ikwaruze kwenye spika. Kisha mpigaji aombe kukisikiliza kwa spika moja, kupitia tundu la kushoto peke yake, kwa kuwa kumbi nyingi zitampa waya mmoja tu, na piano iliyonona katika visikilizio viwili inaweza kusinyaa hapo. Wenzake wapige nao kama ikiwezekana, na fedha ya stendi, pedali, begi na waya mbili itengwe kabla ya kupatana bei.