Jinsi ya kutenganisha yaliyokukuta na uliyoyafanya mwenyewe

Chukua daftari, sio simu, maana kwenye simu utaishia kuchati. Gawa ukurasa safu tatu. Ya kwanza andika yaliyonikuta, ya pili niliyofanya, ya tatu iache wazi kwanza.

Safu ya kwanza ijaze bila aibu. Wengi wanairuka, wanasema mi sio mtu wa kulalamika, matokeo yake wanabeba mizigo ambayo sio yao. Hukuchagua wazazi, hukuchagua kuzaliwa kwenye hela au kwenye shida, hata mwezi wa kuzaliwa una uzito wake. Kule Kanada timu za watoto za hoki zilikuwa zinahesabu umri kuanzia Januari 1, kwa hiyo mtoto wa Januari anashindana na wa Desemba huku amemzidi umri karibu mwaka mzima, basi yule wa Januari anaonekana ana kipaji, anachaguliwa, anapewa kocha mzuri, anazidi kupaa, na watafiti tangu miaka ya 1980 walishaona wachezaji wa ligi kubwa wengi wamezaliwa miezi ya mwanzo wa mwaka. Sasa huyo wa Desemba utamwambia hakujituma? Ila na wa Januari naye jasho lake lilimtoka kweli. Vyote viwili ni kweli kwa wakati mmoja, ndo maana tunahitaji safu mbili.

Safu ya pili kila sentensi ianze na nili- au siku-: nilikopa, nilinyamaza, sikwenda. Alafu weka tarehe pembeni ya kila mstari kwenye safu zote mbili, hili ndo la muhimu kuliko yote. Mimi niliacha shule mwaka ambao baba aliumwa sana, na miaka yote nilikuwa nasema ule ugonjwa ndo ulinimaliza. Siku niliyoweka tarehe nikakuta ugonjwa ulichukua miezi 14, baada ya hapo kuna miaka 6 safu ya kwanza haina kitu, tupu kabisa, na upande wa pili nimeandika mwalimu alinipigia mara mbili nirudi, sikurudi, niliona aibu kukaa darasa moja na wadogo zangu. Nilikaa na hiyo karatasi mpaka usiku.

Kuna wenye tatizo la upande wa pili, wanajilaumu kwa kila kitu. Ukiona umeandika niliruhusu nipigwe na ulikuwa na miaka 8, hamishia safu ya kwanza sa hivi. Jiulize tu, je wakati ule kulikuwa na njia nyingine ambayo naijua na naiweza? Kama hakuna, hiyo sio yako.

Sasa safu ya tatu: nitakachofanya wiki hii. Hapa usiulize nani alisababisha, uliza nani yupo wa kulishughulikia, na mara nyingi ni wewe hata kama kosa sio lako, inauma lakini ndo hivo. Andika kitu kidogo chenye siku na saa, mfano Jumanne saa nne naenda kuuliza masharti ya kurudia mtihani. Kuomba msaada nako kunahesabika. Udogo una sababu yake: mwaka 1967 wanasaikolojia wa Marekani, Seligman na Maier, walionesha kwamba mbwa waliopigwa shoti za umeme wasizoweza kuzizuia, baadaye hata walipoweza kuruka kizuizi wakaokoka, wengi walilala tu wakavumilia, na kwenye jaribio la mwaka uliofuata ili wapone ilibidi wavutwe kwa kamba kuvuka kizuizi, tena na tena, mpaka wakaanza kuruka wenyewe. Kwa hiyo usisubiri ujisikie una nguvu ndo uanze.

Baada ya miezi 3 rudia zoezi kwenye ukurasa mpya bila kuchungulia ule wa zamani, kisha ndo uziweke pamoja. Kuna mistari itakuwa imehama safu, usiifute, chora mshale na uandike tarehe.