Mambo ya Kuzingatia kwa Mwalimu wa Tanga Kabla ya Kutafuta Kazi Ughaibuni

Mwalimu aliyesomea hapa nyumbani, akafundisha miaka kadhaa Muheza, Korogwe au Tanga mjini, na sasa anataka kwenda kufundisha Uingereza au Marekani, kwa kawaida huanza kwa kutafuta nafasi. Kwa maoni yangu, aanze na jina lake. Wengi wetu tuliandikishwa darasa la kwanza kwa jina la babu, cheti cha kidato cha nne kikatoka na herufi tofauti, kisha cheti cha kuzaliwa tukakifuatilia RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, ukubwani kikiwa na majina matatu kamili. Hapa kwetu tofauti hiyo mara nyingi humalizwa kwa maelezo ya mdomo, lakini anayekagua vyeti ughaibuni hamjui mwombaji, naye akiona Mwanaisha kwenye cheti kimoja na Mwanaesha kwenye kingine ana haki ya kudhani kuwa ni watu wawili. Hati ya kiapo mbele ya wakili, au hati ya kubadili jina iliyosajiliwa, itafutwe kabla ya pasipoti, kwa sababu kila hati itakayofuata italinganishwa na pasipoti hiyo.

Jina likishatengemaa, zifuate hati za taaluma. Marekani haina leseni moja ya ualimu kwa nchi nzima. Kila jimbo lina masharti yake, na aliyesomea nje hutakiwa shahada yake itathminiwe na taasisi inayokubalika ili ijulikane inalingana na shahada gani ya huko. Taasisi hizo mara nyingi hutaka transkripti itumwe na chuo chenyewe, si kutoka mkononi mwa mwombaji, na kwa mwalimu aliye Lushoto au Pangani kulifuatilia jambo hilo chuoni huweza kula wiki nyingi. Viza ya J-1 ya walimu, ambayo ni ya miaka 3 na huweza kuongezwa hadi 5, humtaka mwombaji awe na shahada na uzoefu wa kufundisha usiopungua miaka 2. Kwa upande wa England, ithibati ya ualimu huitwa QTS, na miongoni mwa yanayoangaliwa ni uthibitisho kwamba mwombaji anaruhusiwa kufundisha katika nchi aliyotoka.

Hapo ndipo mtumishi wa serikali anapaswa kuwa mwangalifu kuliko mahali pengine pote. Anayeondoka kituo cha kazi bila ruhusa huhesabiwa mtoro, hufunguliwa mashtaka ya nidhamu na huweza kufukuzwa, na baadaye mwajiri huyohuyo ndiye anayeulizwa habari zake. Inaumiza kuona mtu aliyefundisha kwa uadilifu miaka kumi akiharibu sifa yake kwa kukosa barua moja. Ombi la ruhusa lipitie kwa mkuu wa shule hadi kwa mkurugenzi wa halmashauri, nakala yenye muhuri wa kupokelewa ihifadhiwe, na tiketi isikatwe kabla ya jibu.

Vipo vitu visivyofaa kuharakishwa kwa kuwa vinaisha muda: matokeo ya IELTS, yaani mtihani wa kupima Kiingereza, hutambulika kwa miaka 2, na cheti cha kipimo cha kifua kikuu kwa viza ya Uingereza hudumu miezi 6 tu.

Kuhusu mawakala, sheria ya Uingereza ya mwaka 1973 inawakataza kumtoza mwalimu ada ya kumtafutia kazi, na serikali ya huko huchapisha orodha ya waajiri wenye leseni ya kudhamini wageni, ambayo yeyote anaweza kuisoma bila malipo. Wakala wa hapa nchini naye aombwe leseni yake. Familia isiuze shamba la minazi kumlipa mtu ambaye mwajiri wake hayumo katika orodha hiyo.

Mwisho ni kalenda. Shule za England hufungua mwaka wa masomo Septemba na nyingi za Marekani hufungua Agosti, ilhali wetu huanza Januari na kidato cha nne hufanya mtihani wa taifa Novemba. Mwalimu anayefanikiwa, basi, ataondoka katikati ya mwaka, pengine akiwa ndiye pekee anayefundisha Fizikia shuleni kwake, na kwa sababu hiyo mkuu wa shule aambiwe tangu Januari, ili mbadala apatikane kabla ya likizo ya Juni.